Jinsi ya Kuisikiliza Albamu ya Darwin!: Mwongozo kwa Anayeanza

Mtu anayeshauriwa kuisikiliza Darwin! kwa mara ya kwanza huwa na maswali yale yale. Huuliza aanze na wimbo upi, afanyeje ikiwa hajui Kiitaliano, na kwa nini wimbo wa kwanza peke yake unakaribia dakika 14. Wapo pia wanaoifungua, wakasikiliza dakika mbili za mwanzo, kisha wakaifunga wakidai kwamba hakuna kinachotokea. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na unahusu albamu hii moja tu, kwa kuwa aliyeielewa vizuri hatapata shida kubwa na nyingine za jamii yake.

Darwin! ni kazi ya Banco del Mutuo Soccorso, bendi ya mjini Roma, nayo ilitolewa na kampuni ya Ricordi mwaka 1972, mwaka ule ule ambao bendi hiyo ilitoa albamu yake ya kwanza. Ni roki ya progresivu, yaani roki iliyokataa kufungwa na wimbo wa dakika tatu wenye kiitikio, ikachota kwa wingi kutoka muziki wa klasiki na jazi. Vijana wa Italia wa miaka ile waliupenda muziki huu kiasi kwamba Pawn Hearts, albamu ngumu kweli kweli ya bendi ya Kiingereza ya Van der Graaf Generator, ilifika nafasi ya kwanza nchini humo ilhali kwao Uingereza haikufua dafu. Nyimbo saba za Darwin! zinafuata kisa kimoja, kuanzia dunia isiyo na uhai hadi mwanadamu anayejiuliza amebakiwa na muda gani. Charles Darwin mwenyewe, mwanasayansi wa nadharia ya mageuko, hayumo kama mhusika, hivyo usimtafute.

Nadharia inatosha hapo. Yanayofuata ni ya vitendo.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Rekodi ya mwaka 1972. Hili ni la lazima. Mwaka 1991 bendi hiyo ilizirekodi upya albamu zake mbili za mwanzo, na huduma za muziki za mtandaoni zinaweza kukuletea rekodi hiyo ya baadaye bila kukuonya. Angalia mwaka ulioandikwa, kisha angalia urefu wa nyimbo: katika ile ya asili wimbo wa kwanza ni takriban dakika 14 na wa mwisho ni dakika tatu na nusu.
- Hedifoni nzuri au spika mbili zilizotenganishwa. Spika ya simu haifai, kwa sababu inameza besi na kuzigeuza sauti za vinanda kuwa kelele moja.
- Muda wa dakika 47 mfululizo, au vipindi viwili, kimoja cha dakika 26 na kingine cha dakika 21.
- Mashairi ya nyimbo kwa Kiitaliano pamoja na tafsiri ya lugha unayoisoma bila taabu. Huyahitaji siku ya kwanza, lakini yaweke tayari.
- Albamu nzima ikiwa imepakuliwa kwenye kifaa chako. Kuisikiliza moja kwa moja mtandaoni kwa bando linaloyumba, au mahali ambapo tangazo la sabuni linaweza kuingia katikati ya wimbo wa dakika 14, ni kujiharibia.

Tahadhari: zima kabisa kitufe cha kuchanganya nyimbo, na uzime pia ule mpangilio unaounganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Katika albamu hii mfuatano ndio unaobeba maana, na anayeuvuruga hubaki na nyimbo saba zisizojuana.

Hatua kwa hatua

1. Anza na wimbo wa tano, peke yake.

Unaitwa 750.000 anni fa... l'amore?, yaani swali kuhusu mapenzi ya miaka 750,000 iliyopita. Umejengwa juu ya piano na sauti ya Francesco Di Giacomo, mwimbaji wa bendi, na hauhitaji maandalizi yoyote ya masikio. Kiumbe ambaye bado ni nusu nyani amejificha kivulini akimtazama jike la jamii yake likinywa maji. Anawaza kwamba lau angekuwa wake kweli, angemvika matone ya maji kifuani, angemtandikia upepo na majani chini ya nyayo zake, na angecheza naye mwezi ukiwaka. Akili inataka, lakini mdomo hauwezi kutamka lolote. Giza linaanza kuingia, yule anayetazamwa anaondoka zake, na mtazamaji anabaki akijiita nyani mkubwa asiye na akili, akiyarudia maneno hayo mpaka yanakuwa kilio.

Sikiliza wimbo huu mara mbili au tatu kabla ya kwenda mbele. Lengo ni kuizoea sauti ya Di Giacomo, ambayo ni ya juu, imejaa, na iko karibu zaidi na jukwaa la opera kuliko roki ya Kimarekani. Ukishaikubali sauti hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

2. Jua ni nani anayesema katika kila wimbo.

Hiki ndicho kifunguo ambacho wengi hawapewi. Kisa cha Darwin! hakisimuliwi na mtu mmoja, kwa maana msemaji hubadilika kadiri viumbe wanavyobadilika. Pitia orodha hii kabla ya kusikiliza:

- L'evoluzione (Mageuko): mtu wa leo anayetazama nyuma, akiuambia ulimwengu wa kale na akituambia sisi.
- La conquista della posizione eretta (Kupata msimamo wima): mwili wenyewe unaojaribu kusimama.
- Danza dei grandi rettili (Ngoma ya reptilia wakubwa): hakuna anayesema, ni ala tupu.
- Cento mani e cento occhi (Mikono mia na macho mia): mmoja aliyekuwa peke yake, akikabiliana na kundi.
- 750.000 anni fa... l'amore?: yule mpenzi asiye na maneno uliyekwisha kukutana naye.
- Miserere alla storia (Sala ya kuihurumia historia): sauti kali inayoihoji akili ya mwanadamu.
- Ed ora io domando tempo al tempo ed egli mi risponde... non ne ho! (Na sasa nauomba wakati muda, nao unanijibu: sina!): mwanadamu na wakati, ana kwa ana.

Utaona kwamba ngoma ya reptilia imewekwa baada ya kusimama wima, jambo ambalo mwalimu yeyote wa baiolojia angelipiga mstari mwekundu. Bendi haikuwa ikiandika kitabu cha shule, kwa hiyo lichukulie hilo kama uamuzi wa mtunga muziki aliyehitaji kupumzisha masikio mwishoni mwa upande wa kwanza wa santuri.

3. Sikiliza wimbo wa kwanza kwa kufuata picha, si kwa kuhesabu sehemu.

Anayeanza hukosea anapojaribu kutambua wapi ni ubeti na wapi ni kiitikio. Katika L'evoluzione huo mgawanyo haupo kwa namna uliyoizoea. Fuata picha zifuatazo kwa mpangilio wake, ukijua kwamba muziki unabadilika pamoja nazo.

Kwanza, mwimbaji anakualika kwa upole ujaribu kufikiri kwa namna tofauti kidogo: kwamba hakuna kilichotengenezwa na miungu wakubwa, bali ulimwengu ulijiumba kutokana na seli, nyuzi, nishati na joto. Pili, dunia inazunguka ndani ya wingu, imevimba, ni mama anayekaribia kujifungua, na mtoto atakayemzaa ni wa ardhi na umeme. Tatu, yanakuja matabaka ya kijivu ya lava na matumbawe, chini ya mbingu nyevu zisizo na rangi, na kuvu na kuvumwani zinaifunika ardhi kama kitalu cha chipukizi litakalofuata. Nne, bahari inatapika viumbe wasio na umbo kwenye fukwe zilizooza, wanapandana na kutambaa, na wakati unaigeuza ile miili milegevu kuwa maumbo yanayofaa kuishi.

Kisha mwimbaji anashika fuvu la kale lililogeuka jiwe, anaona ndani yake umbo linalofanana na lake, na anatamka hitimisho: Adamu hawezi kuwapo tena, na siku saba ni chache mno kwa kazi ya kuumba. Pima uzito wa maneno hayo yakiimbwa kwa sauti ya kuitikisa paa, na bendi ya Roma, katika nchi ya Kikatoliki, mwaka 1972. Kwa maoni yangu hapo ndipo kilele cha albamu yote kilipo, ingawa bado kuna zaidi ya nusu saa mbele yako.

Tahadhari: usiruke mbele katika dakika za mwanzo kwa sababu ya utulivu wake. Vishindo vinavyokuja baadaye vinategemea utulivu huo, na anayeruka husikia kelele mahali ambapo mwingine anasikia mlipuko.

4. Vumilia ukimya wa mwimbaji katika wimbo wa pili.

La conquista della posizione eretta ina urefu wa dakika 8 na sekunde 42, na sehemu kubwa inapita bila neno hata moja. Maswali mengi hutoka hapa, kwani msikilizaji hudhani kwamba bendi imesahau kisa. Haijasahau. Kiumbe anayesema hapa bado hana maneno, na ndiyo sababu ala zinafanya kazi ya misuli: mapigo mazito ya ogani na dramu yanasukuma, yanalegea, yanaanza upya, mithili ya mwili unaoanguka na kujiinua. Mwimbaji anaingia kuelekea mwisho tu, mwili unapokaribia kusimama na macho yanapoinuka kutoka ardhini. Sikiliza kwa kujiuliza swali moja: je, sasa hivi ala zinapanda au zinaanguka?

Msomaji wa Tanzania ana faida hapa ambayo Mwitaliano wa mwaka 1972 hakuwa nayo. Nyayo za Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, zilizoachwa kwenye majivu ya volkano na viumbe waliotembea wima takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, zilifukuliwa na timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1978, miaka sita baada ya albamu hii kutoka. Ukishaziona picha za nyayo hizo, kisigino kimezama na vidole vimeelekea mbele, wimbo huu haukupi tena taabu ya kuuwazia.

5. Maliza upande wa kwanza, kisha simama.

Danza dei grandi rettili ni fupi, ina mwendo wa kijazi, na haihitaji maelezo. Ikiisha, nyamaza kwa dakika chache. Wasikilizaji wa awali walilazimika kuinuka na kuigeuza santuri mahali hapo, na pumziko hilo bado lina faida hata kama unatumia simu.

6. Endelea na upande wa pili bila kukata.

Cento mani e cento occhi inaingia kwa kasi. Angalia jinsi kundi linavyosikika kama kinga na wakati huo huo kama tishio kwa yule aliye peke yake, na jinsi sauti ya Di Giacomo inavyolazimika kushindana na bendi nzima. Ukitoka hapo unarudi kwenye wimbo wa tano, ambao sasa utausikia tofauti: yule anayetazama kutoka kivulini anatoka katika ulimwengu ambao umetoka kuonyeshwa jinsi kundi lilivyo na nguvu, naye hana kundi wala lugha.

Miserere alla storia ni wimbo mgumu kuliko yote ya upande huu, na hata mimi siupendi kama ile mingine. Ala zinatawala, na maneno machache yaliyomo yana dhihaka: Babeli isifiwe, sfinksi, lile sanamu la kale lenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, aendelee kucheka kwa maelfu ya miaka, watu wajenge mbinguni hadi kwenye nyota ya Sirius, lakini akili hiyo itaishi muda gani ikiwa kizazi chenyewe kinatoweka nyuma yake? Usijaribu kuupenda siku ya kwanza. Shika lile swali la mwisho tu.

Wimbo wa saba unajibu swali hilo kwa namna yake. Unasikia mlio wa gurudumu zito linalokwaruza likizunguka, kisha mwendo wa pole unaoyumba kama walsi, dansi ya Kizungu ya mapigo matatu. Mwanadamu anauomba wakati umpe muda, na jibu umekwisha kulisoma kwenye jina la wimbo.

7. Baada ya siku chache, sikiliza tena ukifuata vinanda peke yake.

Katika rekodi hii bendi ilikuwa na wapiga vinanda wawili, ndugu wa damu: Vittorio Nocenzi kwenye ogani na sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki), na Gianni Nocenzi kwenye piano, ambaye pia alipuliza klarineti. Wengine walikuwa Marcello Todaro kwenye gitaa, Renato D'Angelo kwenye besi na Pierluigi Calderoni kwenye dramu. Chagua piano peke yake na uifuate kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata inapofunikwa. Siku nyingine fanya hivyo kwa ogani. Mara nyingi piano ndiyo inayobeba upande wa ubinadamu na huzuni, wakati ogani na sinthesaiza zinabeba ardhi, uzito na vitisho. Si kanuni isiyovunjwa, lakini inatosha kukupa pa kushika.

Tahadhari: aliyelelewa na roki ya magitaa atalitafuta gitaa hapa na kuona limepunjwa. Limo, lakini si mfalme. Ukilisubiri likupe solo ndefu za kukata na shoka, utasubiri hadi albamu iishe.

8. Mwishowe sikiliza ukiwa na mashairi mkononi.

Weka Kiitaliano upande mmoja na tafsiri upande mwingine, na ufuate kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Irabu tano za Kiitaliano zinatamkwa karibu sawa na zetu, kwa hiyo Mswahili anaweza kufuata mstari unaoimbwa kwa urahisi ambao Mwingereza hana. Fanya hivi mara moja tu kwa kila wimbo, kisha weka karatasi kando, maana macho yakishika kazi kwa muda mrefu masikio hulala.

Ukikwama

*Sauti ya mwimbaji inanichosha, imezidi kuwa ya tamthilia.* Rudi kwenye hatua ya kwanza na usikilize wimbo wa tano kwa sauti ya chini. Kama bado unakukera baada ya wiki moja, basi huenda tatizo si maandalizi bali ladha, na hakuna mwongozo unaoweza kulitibu hilo.

*Napotea katikati ya wimbo wa kwanza.* Andika zile picha kwenye karatasi, fuvu likiwa la mwisho, na uweke alama kila unapodhani imefika mojawapo. Haidhuru ukikosea. Kule kusubiri picha inayofuata kunakuzuia usiondoke.

*Rekodi inasikika kama iko ndani ya debe.* Hakikisha kwanza kwamba huna nakala iliyobanwa sana au iliyonakiliwa kutoka santuri iliyochakaa. Zima pia vile vipimo vya simu vinavyoongeza besi kupita kiasi. Ikiwa nakala ni nzuri na bado sauti si ya kisasa, hiyo ni rangi ya mwaka 1972 na masikio yatazoea.

*Tafsiri ya mashine inanipa maneno yasiyo na maana.* Mashairi haya yamekatwa katikati ya sentensi ili yaendane na muziki. Unganisha mistari mitatu au minne iwe sentensi moja kabla ya kuitafsiri, na utaona maana ikirudi.

*Mimi ni mtu wa dini na maneno kuhusu Adamu yananikwaza.* Albamu inasema inachosema, na haifai kuficha hilo. Hata hivyo msemaji wa wimbo wa kwanza ni mmoja tu kati ya wasemaji wa kisa hiki, na kadiri kinavyosonga ndivyo majigambo ya akili yanavyopungua, hadi wimbo wa sita unaposhambulia kiburi hicho hicho kwa kutumia mnara wa Babeli. Unaweza kusikiliza kama mtu anayesikiliza hoja ya mwenzake hadi mwisho bila kulazimika kuikubali.

*Kila nikitafuta naletewa toleo la jukwaani.* Bendi iliendelea kuzipiga nyimbo hizi jukwaani kwa miaka mingi, na Di Giacomo aliimba nayo hadi kipindi cha mwisho cha maisha yake, yaliyokatishwa na ajali ya barabarani mwezi Februari 2014. Matoleo ya jukwaani ni mazuri kwa aliyekwisha kuijua albamu, kwa hiyo yahifadhi kwa baadaye.

*Nimeimaliza na nataka nyingine.* Usikimbilie bendi kumi kwa mkupuo. Chukua Io sono nato libero, ambayo Banco waliitoa mwaka 1973 na ambayo wimbo wake wa kwanza ni mrefu kuliko L'evoluzione, ingawa haifuati kisa kimoja. Ukitaka kisa tena, chukua Felona e Sorona ya Le Orme, bendi nyingine ya Italia, ya mwaka 1973 pia, inayohusu sayari mbili, moja yenye nuru na nyingine yenye giza. Lipo toleo lake la Kiingereza ambalo maneno yake yaliandikwa na Peter Hammill wa Van der Graaf Generator. Anza na la Kiitaliano.